Mastaa Watatu, Mto Mmoja wa Njano: Hizi Nyumba za Zanzibar Anauziwa Nani?

Picha ya kwanza ilipanda Ijumaa jioni, muda ule watu wamejilaza na simu wanasubiri kuona nani kavaa nini. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, yule aliyekuwa kimya karibu mwaka mzima bila ngoma mpya, kasimama kwenye balkoni, bahari nyuma yake, mkononi funguo zenye utepe mwekundu. Maneno machache tu: "Asante Mungu, na mimi sasa nina kwangu Zanzibar." Likes zikamwagika. Chawa wakaamka. "Baba lao!" "Wanaongea, wewe unajenga!" Yaani mpaka wale waliokuwa wanamdai hela za shoo waliweka mioyo.

Wiki mbili baadaye akaibuka dada mmoja maarufu wa Instagram, yule wa wigi na mafuta ya ngozi. Balkoni, bahari, funguo, utepe mwekundu. Wiki ya tatu mchekeshaji naye akaja na zake, amekaa kitandani kakunja nne. Hapo ndipo wadau wenye macho makali wakafanya kazi yao. Mtu mmoja akachukua skrinshoti tatu akaziunganisha. Kwenye picha zote upo mto wa njano wenye doa la kahawa kwenye kona. Mto uleule, doa lilelile, pazia lilelile lililong'oka ndoano mbili upande wa kushoto. Mastaa watatu, funguo tatu, chumba kimoja.

Watu walicheka, wakatengeneza vikatuni, wakamtania mchekeshaji kwamba ndiye aliyemwaga kahawa, kisha wakahamia kwenye ubuyu mwingine. Mtandao ndivyo ulivyo. Shida ni wale ambao hawakucheka kwa sababu walikuwa wameshatuma hela.

Mmoja wao yuko Makambako. Ni fundi simu, ana miaka 24, kibanda chake kiko karibu na stendi. Makambako si pa kulala: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inakatia hapo, reli ya TAZARA nayo hapohapo. Malori usiku kucha, na upepo ule unaobeba vumbi mpaka kwenye chai. Kijana huyu aliiona picha ya kwanza akiwa anabadilisha kioo cha simu ya mteja. Aliikuza kwa vidole viwili, akaangalia bahari, akaangalia funguo, akarudi kwenye bahari.

Kabla mtu hajamwita mjinga, asikilize kwanza. Marehemu baba yake aliacha eka mbili upande wa barabara ya kwenda Njombe. Eka moja ina parachichi za Hass, miti ina mwaka wa tano, imeshaanza kutoa. Nyingine ina paini ambazo bado hazijafikia kupasuliwa mbao. Aliziacha kwa huyu kijana, mama yake, na wadogo zake wawili wa shule. Hapo pa "mama yake na wadogo zake" ndipo watu wengi huparuka wakiwa na haraka ya utajiri.

Sasa huyu kijana aliwahi kuposti parachichi zake zikiwa zimetoa maua. Shamba limependeza kweli, ukungu wa asubuhi bado haujatoka. Alipata likes 11. Moja ilikuwa ya dada wa wakala wa miamala jirani na kibanda, nyingine ya mwalimu wake wa zamani. Funguo za staa zilipata maelfu kabla ya usiku wa manane. Ukiwa na miaka 24, somo unalolipata hapo si la kilimo.

Akabonyeza kiungo kilichokuwa kwenye ukurasa wa staa. Dalali akamjibu ndani ya dakika tatu, kwa heshima zote: "Karibu kaka mkubwa. Zimebaki nne tu." Akatumiwa video yenye muziki, ramani ya rangi, na hesabu tamu: unalipa ada ya kushika nafasi shilingi milioni 2, kisha kianzio asilimia 30, kinachobaki kidogokidogo, huku wazungu wanapanga na kukulipia deni lako. Alituma milioni 2. Nusu akiba yake, nusu mikopo ya kwenye simu, ile ambayo ukichelewa siku mbili wanawapigia mpaka wajomba zako.

Kianzio hakuwa nacho. Ndiyo akaenda nyumbani jioni, mama yake yuko jikoni na moto wa kuni.

"Mama, naona tuuze shamba tununue nyumba Zanzibar."

"Nyumba ya nani, mwanangu?"

"Yetu. Tunapangisha wageni, hela inaingia kila mwezi."

"Umeiona?"

"Nimeiona mama, si hii hapa." Akampa simu.

Mama akaishika simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu. "Huyu kijana kashika funguo. Mlango uko wapi?"

Swali hilo la mama wa Makambako lina akili kuliko komenti zote elfu kadhaa zilizokuwa chini ya ile picha. Staa anayepiga picha na funguo hanunui. Anauza. Hilo ndilo jambo ambalo mastaa wenyewe, mameneja wao na chawa wao wanalijua vizuri, na ambalo shabiki anaambiwa kinyume chake. Mjini kazi hiyo inaitwa ubalozi, na si dhambi. Mtu anakuwa balozi wa sabuni, wa soda, wa kubeti. Lakini sabuni ni ya elfu mbili. Ikikuwasha unaitupa, maisha yanaendelea. Nyumba ni shamba la baba. Mtu anayelipwa kusema "nimenunua" wakati hajanunua, hajatangaza biashara hapo, amedanganya. Nchi ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na haisemi popote kwamba ukiwa na wafuasi wengi umesamehewa. Ilikuwa inatosha neno moja tu juu ya picha: tangazo. Funguo zingebaki nzuri vilevile, na fundi simu wa Makambako angejua anaongea na nani.

Na atakayesema "kila mtu ana akili zake, angechunguza," mbona yeye alipoona ule mto wa njano mara ya kwanza hakuona doa?

Mama hakugomba. Alisema tu: "Twende tukaione." Akafunga nguo kwenye kibegi, akavaa koti lake zito, wakapanda basi la alfajiri. Kijana anasimulia kwamba koti lilivuliwa Morogoro. Dar walilala kwa shangazi, asubuhi wakaenda bandarini kupanda boti. Saa mbili baharini, mama kashikilia kiti kwa mikono miwili na hakuzungumza na mtu mpaka Unguja ilipoonekana.

Dalali alikuwa amewaambia atawapokea. Walipofika akasema yuko kikaoni mpaka alasiri. Basi wakaingia Mji Mkongwe kupoteza muda, na hapo ndipo walipoona nyumba za Zanzibar, zile zenye watu ndani.

Waliowahi kufika wanajua. Njia nyembamba hata pikipiki mbili zinapishana kwa kuombana radhi. Milango mikubwa ya kuchonga, mingine imenyooka juu, mingine ina tao la mtindo wa Kihindi, na vile vichwa vya shaba. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Nje ya nyumba kuna baraza za mawe, watu wanakaa kunywa kahawa chungu na kashata, wanasoma magazeti, wanacheza bao, wanabishana mpira. Mvua kubwa ikijaa njiani, watu hupita juu ya baraza hizohizo miguu isilowe. Watoto wanatoka chuoni na juzuu kifuani. Harufu ya karafuu hapa, harufu ya mfereji pale. Mastaa wanapiga picha ya karafuu.

Mama akamsalimia mzee mmoja aliyekaa barazani kwake, akaombwa akae. Bara au kisiwani, watu wazima wakishakaa pamoja huongea yaleyale: watoto, miguu, bei ya mchele. Mzee akacheka alipoambiwa wamekuja kuangalia nyumba. "Karibu sana bibi. Mie hii yangu yaanguka, nawe wataka kununua mpya?"

Akawaeleza. Nyumba ile ni ya babu yake. Warithi wako 11, wengine Pemba, wengine Dar, wawili Muscat, mmoja hajulikani alipo. Kuiuza lazima wakubaliane wote. Kuitengeneza lazima mmoja atoe hela, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Huwezi pia kujifanyia unavyotaka, maana Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi. Ukitaka kugusa ukuta unaomba kibali. Saruji, ambayo Makambako ndiyo suluhisho la kila kitu, kwenye kuta zile ni adui: inafungia unyevu ndani na jiwe linaoza kimyakimya. Kinachotakiwa ni chokaa na fundi anayeijua. Watu wanadhani ni mbwembwe za wahifadhi. Waulize waliokuwa karibu na Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ulishuka chini likiwa kwenye matengenezo, na watu 2 wakafa.

Kisha mzee akasimulia habari ya dada mmoja "wa kwenye simu" aliyekuja na wapigapicha wanne. Akataka kupiga picha mbele ya ule mlango. Kijana wake mmoja akamwomba mzee asogee, "babu tunaomba nafasi kidogo, picha iwe safi." Mzee akasogea. Akasimama juani mbele ya nyumba ya babu yake karibu saa nzima, kikombe mkononi, mpaka walipomaliza. Hawakumpa hata soda. Picha ilipotoka, anasema mjukuu wake, iliandikwa "maisha ya kisiwani".

Hapo sasa. Rangi ya mtaa ndiyo inayouza zile nyumba. Hakuna anayelipa madola kwa ajili ya dirisha la alumini. Dirisha la alumini liko hata Mafinga. Watu wanalipia mlango wa kuchonga, adhana ya magharibi, urojo wa Forodhani, wazee barazani. Halafu wale wenye mlango na baraza ndio wanaoambiwa wasogee, kwa leo ili picha iwe safi, kwa kesho kwa sababu kodi ya chumba mjini imekuwa ya mgeni wa usiku mmoja, na kijana wa Unguja anayeoa inabidi akatafute chumba mbali na alikozaliwa. Ukiwauliza wenyeji watakwambia tena na tena: mji unapendwa sana siku hizi, sisi ndio hatutakiwi.

Zanzibar ina historia nyingine ya nyumba ambayo haimo kwenye video za madalali. Ukitoka Darajani unakutana na majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyonyooka kama treni, yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Si mazuri kwa picha. Rangi imechoka, nguo zimeanikwa kila dirisha. Lakini walipewa watu wa kawaida wakaishi humo, na wajukuu zao bado wamo. Huko mashambani watu waligawiwa eka tatutatu. Ardhi yenyewe ikawa ya Serikali, na mpaka leo ni ya Serikali.

Ambalo linaturudisha kwenye karatasi, na hapa kila mwenye ndoto ya balkoni atulie asome taratibu.

Ardhi si jambo la Muungano. Bara ina Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999. Zanzibar ina yake ya 1992, na haki ya kumiliki matumizi ya ardhi kule imewekwa kwa ajili ya Mzanzibari. Mtu wa Makambako ni Mtanzania kamili, ana kitambulisho cha taifa na anaimba wimbo wa taifa vizuri tu, lakini hilo peke yake halimfanyi kuwa Mzanzibari kwa sheria ya kule. Mgeni, wa bara au wa Ulaya, mara nyingi anaingia kwa mlango wa kukodi ardhi kwa miaka kadhaa, au kununua sehemu ndani ya jengo la ghorofa kwa sheria ya mwaka 2010 inayohusu majengo ya wamiliki wengi. Kwa hiyo unaponunua "nyumba Zanzibar", kitu unachonunua ni miaka na kuta. Udongo una mwenyewe.

Si vibaya. Hata bara hati ya kawaida haizidi miaka 99. Lakini lazima ujue ni miaka mingapi, imeanza kuhesabiwa lini, nani ameandikwa juu, mradi una kibali gani, na jengo likishaisha nani anashika pampu ya maji. Kwenye ghorofa kuna ada ya kila mwezi ya walinzi, usafi na lifti, mgeni awepo asiwepo. Na wageni hawapo mwaka mzima: masika ya Machi hadi Mei ikishuka, hoteli nyingi za pwani zinafunga zikisubiri Juni. Chumvi ya bahari inakula kiyoyozi na bawaba. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Dalali mwenye muziki kwenye video hana kipande cha masika.

Haki itendeke: miradi ya kweli ipo. Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, mji mpya umeinuka na watu wanaishi, watoto wanaendesha baiskeli, nyumba unaingia unazikagua. Mwenye hela yake na wakili wake, aende akanunue, amwalike na mama yake. Na hukohuko Fumba mwaka 2021 ulitangazwa mpango ambao mtu wa Njombe anapaswa kuucheka au kuulilia: jengo la ghorofa 28, urefu wa mita 96, ambalo sehemu kubwa yake ni mbao. Ndiyo, mbao. Duniani huko sasa hivi mbao ndiyo fasheni, wanaibandika, wanaibana, wanaipandisha ghorofa juu ya ghorofa na kuiuza kwa dola. Njombe nzima imezungukwa na paini, malori ya mbao yanapita Makambako usiku na mchana, na kijana mwenye eka ya paini anataka kuikata kabla haijakomaa ili anunue kianzio cha chumba.

Alasiri dalali akatuma "location". Wakapanda daladala, wakashuka, wakatembea. Mahali penyewe palikuwa na uzio wa mabati, bango kubwa lenye picha ya balkoni na bahari, na nyuma yake msingi wenye nondo zilizosimama. Nyasi zimeota katikati ya nondo. Bahari haionekani, labda ukiwa ghorofa ya tatu, kama ghorofa ya tatu itakuwepo.

Mlinzi akatoka kibandani. Kijana mdogo, kavaa sweta kwenye joto lile. Mama akamtazama usoni, kisha akamjaribu tu: "Kamwene."

"Kamwene, mama!" Mlinzi akashtuka, akacheka mpaka akashika tumbo. Mtoto wa Wanging'ombe. Alikuja Unguja na mafundi ujenzi, kazi ikasimama, wenzake wakaondoka, yeye akabaki kulinda nondo. Akamletea mama ndoo ageuze akae, akatafuta maji ya kunywa. Nondo, alisema, zimesimama hivyo tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Watu wa picha huwa wanakuja, ndiyo, lakini hawaji hapa. Wanakwenda kwenye nyumba ya kupangisha upande wa pili, ya mtu mwingine kabisa, wanaikodi kwa siku. Mto wa njano hakuwahi kuuona, ila siku moja alitumwa kupeleka utepe.

Kijana wa Makambako anasema alitamani nondo zimmeze. Mama yake hakumwambia "nilikwambia", maana kweli hakuwa amemwambia. Alimuuliza jambo moja tu wakiwa wanarudi kwenye daladala: "Umeshawapa shilingi ngapi?" Hapo ndipo alipojua kuhusu milioni 2.

Sasa warudi kwao kidogo hawa watu, maana huku nako kuna nyumba. Njombe na Makambako zina nyumba za tofali za kuchoma zilizosimama kwenye linta miaka saba, zikisubiri mauzo ya msimu mmoja mzuri. Zina nyumba za mabati ya rangi zenye geti kubwa kuliko nyumba. Juni na Julai baridi inaingia kwenye mifupa, umande unaganda kwenye majani, watu wanaota moto wanakunywa ulanzi, na asubuhi mji wa Njombe unatoka kwenye ukungu kipande kipande, kwanza misonobari, kisha mapaa. Hakuna staa aliyewahi kulipwa kusimama pale na funguo. Labda ni bahati. Kijana anayenunua kiwanja Njombe leo anakwenda kukanyaga mpaka kwa miguu yake, anaita majirani, anaandikishana mbele ya uongozi wa mtaa, anamuuliza mke wa muuzaji kama ameridhia. Kijijini, kuuza ardhi kunapita Halmashauri ya Kijiji. Watu wanaona utaratibu huo ni wa kishamba. Ndio utaratibu uleule alioukosa mtu aliyetuma milioni 2 kwa kiungo.

Tena kuhusu ridhaa: hata lile shamba asingeweza kuliuza peke yake kihalali. Marehemu aliacha mjane na watoto, mirathi haijafunguliwa, na mnunuzi yeyote mwenye akili angeuliza msimamizi wa mirathi ni nani. Wanunuzi wasio na akili nao wapo, tena wengi, na ndiyo maana kila mji wa Tanzania una kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Ukiona maandishi hayo usicheke. Nyuma yake kuna mama aliyeamka asubuhi akakuta mgeni anapima uwanja wake kwa futi kamba, na mwanawe hapokei simu.

Mastaa wale watatu wanaendelea vizuri. Msanii alifuta picha, kisha akairudisha baada ya watu kuacha kuongea, komenti zikiwa zimefungwa. Dada wa wigi alisema kwenye story kwamba "wenye wivu hawanunui hata kiwanja", akaweka kicheko. Mchekeshaji ndiye pekee aliyegusa jambo lenyewe. Alisema alilipwa kuja, hakujua mengine, na kwamba mto ulikuwa na doa kabla yake. Watu wakacheka tena. Alikuwa karibu kabisa kusema samahani, akaishia kwenye utani.

Wote watatu wana namba ya dalali. Simu moja ya staa mwenye wafuasi mamilioni ingerudisha hela za watu haraka kuliko barua kumi za fundi simu. Hawajaipiga. Au kama wameipiga, hakuna aliyeona hela.

Makambako, kibanda karibu na stendi kimefunguliwa. Mikopo ya simu imelipwa nusu kwa parachichi za msimu huu, ambazo mama alisimamia kuzipima yeye mwenyewe hadi kilo ya mwisho. Shambani, kwenye paini ya kwanza kutoka barabarani, kuna kibao kipya cha mbao, herufi nyekundu, N moja imegeuka: SHAMBA HILI HALIUZWI. Kijana ndiye aliyeliandika, mama kashika kopo la rangi.

Dalali bado anasoma meseji. Tiki mbili za buluu zinaonekana kila Jumatatu. Ya mwisho alijibu: "Kaka mkubwa, wiki ijayo."